Ngome aliyoikataa: uchambuzi wa mchezo mmoja wa sataranji kati ya binti wa pointi 1500 na fundi wa pointi 2100

Kisa hiki nimekiandika kwa ajili ya makocha wenzangu na kwa kila anayemsindikiza mtoto kwenye mashindano ya sataranji. Mchezo ulichezwa kweli. Nimeondoa majina, mji na mwaka, na reitingi za wachezaji, yaani pointi za kupimia uwezo wao, nimezizungusha hadi mamia. Binti na mama yake wameniruhusu kukisimulia. Mpinzani wake naye aliridhia, na sehemu ya uchambuzi nimeipata kwake. Mimi ndiye niliyekuwa kocha wa binti, kwa hiyo katika haya yaliyotokea na mimi nimo.

Waliokaa mezani

Binti alikuwa na miaka 14. Alianza kucheza akiwa darasa la nne, kwenye ubao wa plastiki ambao farasi wake mmoja alikuwa kifuniko cha chupa. Reitingi yake ilikuwa karibu 1500. Tangu Machi 2024 shirikisho la dunia, FIDE, limepandisha kiwango cha chini kabisa cha reitingi kutoka 1000 hadi 1400, kwa hiyo mwenye 1500 leo ni mtu anayesimama karibu na sakafu. Hakuwa mchezaji mbovu. Alikuwa amecheza michezo michache tu yenye kuhesabiwa, kama walivyo watoto wengi wa kwetu, na reitingi ilikuwa haijamfikia.

Mpinzani wake alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na kitu, mwenye karibu 2100, ambaye kwa miaka mingi jina lake limekuwa likitajwa kwenye kila mashindano ya ukanda wetu. Watoto wanamwita Mwalimu. Wazee wa barazani wangemwita fundi, kama wanavyomwita bingwa wa bao, na neno hilo linamstahili: ana subira ya mtu anayejua kwamba kete zitamjia tu.

Kabla ya mchezo binti alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo Mwalimu." Akajibiwa, "Marahaba, mwanangu, karibu." Wakapeana mikono, mwamuzi akaruhusu saa ziwashwe. Naomba msomaji aikumbuke salamu hiyo, nitairudia mbele.

Kwa nini walikutanishwa

Wazazi huuliza kila mara kwa nini mtoto anapelekwa kwa simba siku ya kwanza. Mashindano yetu mengi huendeshwa kwa mfumo wa Uswisi, uliotumika kwanza mjini Zürich mwaka 1895. Katika raundi ya kwanza wachezaji hupangwa kwa reitingi, orodha hukatwa katikati, na wa kwanza wa nusu ya juu hukutana na wa kwanza wa nusu ya chini. Wakiwa 40, namba 1 hucheza na namba 21, namba 2 na namba 22. Tofauti kubwa za uwezo hutokea raundi hiyo kwa sababu mfumo umeundwa hivyo. Hakuna aliyemwonea mtoto.

Tofauti hiyo ina kipimo. Hesabu ya reitingi ya Arpad Elo, ambayo FIDE iliianza kuitumia mwaka 1970, inasema mwenye upungufu wa pointi 400 hutarajiwa kupata takriban pointi 1 katika kila michezo 11. Upungufu ukifika 600, matarajio yanashuka hadi pointi 3 kwa michezo 100. Sare ni nusu pointi. Maana yake, kama binti asingeshinda hata mara moja, angetarajiwa kutoa sare 6 tu kwa kila mara 100 za kukaa mbele ya mtu huyu. Moja kati ya hizo sita aliishika mkononi.

Maandalizi, na sentensi iliyopigwa mstari

Tulijua mapema kwamba fundi akicheza na weupe dhidi ya watoto hupenda ufunguzi wa Kihispania, kisha hula farasi wa c6 mapema na kuondoa malkia ubaoni (herufi hutaja safu ya wima, namba mstari wa ulalo). Hatua zenyewe ni hizi: askari e4, askari e5, farasi f3, farasi c6, askofu b5, askari a6, askofu anakula c6, askari wa d anakula c6, askari d4, askari wa e anakula d4, malkia anakula d4, malkia anakula malkia, farasi anakula malkia. Hatua saba (zamu ya weupe na ya weusi huhesabiwa hatua moja), na malkia wawili wamekwisha kutoka.

Mtu asiyejua ataona ubao uliotulia. Lakini tazama askari. Upande wa mfalme, weupe wana wanne dhidi ya watatu, na wale wanne wakitembea vizuri watatoa askari huru, asiye na askari wa mpinzani wa kumzuia njiani. Weusi nao wana wanne dhidi ya watatu upande wa malkia, lakini wawili kati yao wamepandana kwenye safu ya c, na askari waliopandana hawatoi askari huru kwa urahisi. Ukiondoa kete zote nyingine na kubakiza wafalme na askari peke yao, weupe kwa kawaida hushinda. Malipo ya weusi ni maaskofu wawili, na malipo hayo hudumu kadiri kete zinavyobaki ubaoni. Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa wakati ule, alimshinda Capablanca, aliyekuja kuwa bingwa baada yake, kwa ufunguzi huu huu mjini St. Petersburg mwaka 1914, malkia wakiwa wametoka hatua ya saba.

Kwa hiyo nilimfundisha hivi: katika ufunguzi huu usibadilishane kete. Badilishana askari, ndiyo, kwa sababu kila askari anayetoka humpunguzia mwenye nguvu njia za kushinda. Kete, hapana. Akiandika jambo analoliona kubwa huliandika kwa herufi kubwa, na hili aliliandika kwenye daftari lake la mazoezi, kalamu nyekundu, mistari miwili chini yake: USIBADILISHANE KETE. KILA KETE INAYOTOKA, YEYE ANAKARIBIA.

Sentensi hiyo ni kweli hatua ya 7. Ni kweli hatua ya 20. Hatua ya 59 haikuwa kweli tena, na mimi sikuwa nimemwambia kwamba ina mwisho.

Mchezo ulivyokwenda

Muda ulikuwa dakika 90 kwa kila mchezaji na nyongeza ya sekunde 30 kwa kila hatua.

Ufunguzi ulitoka kama tulivyotarajia. Binti alicheza hatua zake nane za kwanza kwa utulivu, akaleta askofu d7, akampeleka mfalme upande wa malkia kwa ile hatua ya mfalme na ngome kusogea pamoja. Fundi alianza kusukuma askari wake wa upande wa mfalme. Kuanzia hapo hadi hatua ya 34 sitasimulia kwa urefu, kwa sababu ndipo binti alipocheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona na hakuna cha kusahihisha. Mara tatu fundi alimletea kete ya kubadilishana, mara tatu akaikwepa bila kupoteza kitu. Mara ya nne aliona kwamba akitoa askofu wake mmoja kwa farasi atavunja safu ya askari wa mpinzani, akatoa. Hilo ni jambo zuri sana. Alikuwa na kanuni mkononi, na bado aliangalia ubao kabla ya kuitii. Askofu wa pili alitoka hatua ya 34, na kilichobaki kilikuwa ngome moja kila upande na askari.

Kisha akafanya ile nusu ya pili ya somo: akawabadilisha askari mmoja mmoja. Hatua ya 49 askari wa mwisho wa upande wa malkia walikulana. Fundi alikuwa na mfalme, ngome na askari mmoja kwenye e4. Binti alikuwa na mfalme na ngome, na mfalme wake alisimama mbele ya yule askari, mahali panapostahili.

Hatua ya 51 akaomba sare. Aliomba kwa utaratibu: akasogeza kete, akasema, ndipo akabonyeza saa. Fundi alitikisa kichwa polepole akaendelea. Alikuwa na haki yake. Lakini kutoka nyuma ya kamba nilipokuwa nimesimama niliona binti akishusha macho, kama mtoto aliyeomba kitu mbele ya wageni akanyimwa.

Hatua ya 58 ubao ulikuwa hivi. Weupe: mfalme d5, askari e5, ngome a6. Weusi: mfalme e7, ngome h8. Ilikuwa zamu ya binti. Akaipeleka ngome d8, cheki, yaani anamshambulia mfalme. Fundi aliinama, akafikiri kama dakika nne, akaivuta ngome yake kutoka a6 hadi d6, ikakaa katikati ya mfalme wake na ngome ya binti. Ngome kwa ngome, uso kwa uso.

Saa ya binti ilisoma dakika 6 na sekunde kadhaa. Aliandika hatua ya mpinzani kwenye karatasi yake kwa mwandiko safi. Mkono wa kulia ukanyanyuka, ukafika juu ya ngome ya d8, ukasita hewani. Ndipo akafanya kitu ambacho nakiona hadi leo: macho yake yaliacha ubao, yakapanda usoni kwa fundi, yakakaa hapo sekunde mbili tatu, yakarudi. Akaishika ngome, akaiondoa kwenda b8. Dakika 6 zilizokuwa saani hazikupungua hata nusu dakika.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Fundi akarudisha ngome a6. Binti akashusha yake b1. Ngome ya weupe ikapanda a7, cheki. Mfalme mweusi akaenda e8. Mfalme mweupe d6. Ngome nyeusi e1, nyuma ya askari, na hiyo ilikuwa hatua nzuri. Mfalme mweupe e6, akitishia chekimeti kwa ngome a8. Hatua ya 63 binti alikuwa na miraba miwili ya kukimbilia, d8 na f8. Akachagua d8. Fundi akapiga cheki a8, mfalme mweusi akatoka kwenda c7, ngome nyeupe ikaingia e8 nyuma ya askari wake, na kuanzia hapo hapakuwa na njia. Hatua kumi na kitu baadaye askari alikuwa mstari wa saba, ngome ya fundi ikashuka mstari wa nne kumkinga mfalme wake dhidi ya cheki, kile ambacho walimu huita kujenga daraja. Binti alisimamisha saa, akanyoosha mkono kukubali kushindwa.

Baada ya kupeana mikono

Walitoka wote wawili hadi chumba cha kuchambulia michezo. Fundi hakuanza na ufunguzi. Alipanga moja kwa moja ubao wa hatua ya 59, akaigeuza ngome nyeusi ikala ile ya d6, akaila kwa askari wake, akasema, "Haya, mwanangu, nionyeshe ungefanyaje hapa."

Binti alimwonyesha, mara tatu mfululizo, bila kusita, upande huu na upande ule. Mara ya tatu fundi akacheka kwa furaha, akamwambia, "Basi ulikuwa unaijua." Binti akajibu, "Niliijua, Mwalimu. Nilidhani wewe unajua zaidi."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na chupa ya maji. Sikuwa na la kusema.

Siku ile ile usiku niliupitisha mchezo kwenye programu ya kompyuta. Ilithibitisha kwamba ngome d6 ilikuwa sare. Ikathibitisha pia kwamba ngome b8, ile ya kukwepa, nayo ilikuwa sare. Kosa lililopoteza mchezo kwa hesabu ni mfalme d8 hatua ya 63, hilo peke yake. Kocha anayesoma alama za kompyuta tu ataandika kwenye daftari, "Hatua ya 63, kosa," na kufunga kesi. Mimi naona kesi ilikuwa imeshaamuliwa hatua nne nyuma.

Uchambuzi: sare mbili zisizofanana

Tuiangalie kwanza sare aliyoiacha. Ngome nyeusi inakula d6. Mfalme mweupe hawezi kuila, kwa sababu mfalme mweusi wa e7 anailinda. Lazima askari wa e5 aile, na akiila anatoa cheki. Mfalme mweusi anaingia d7, mbele kabisa ya askari. Sasa mfalme mweupe lazima asogee, tuseme e5. Hapa ndipo watoto huanguka: wanarudi e8 au c8, wakidhani mraba wowote wa nyuma unatosha. Hautoshi. Lazima arudi d8, nyuma moja kwa moja kwenye safu ya askari. Mfalme mweupe akija e6, mweusi anamkabili e8; akija c6, anamkabili c8. Askari akisukumwa d7 anatoa cheki, mfalme mweusi anaingia d8, na mfalme mweupe akienda d6 kumlinda askari, mfalme mweusi amekwama: hana cheki na hana pa kwenda, mchezo ni sare. Asipomlinda, askari analiwa.

Hiyo ni hatua sita za kukumbuka, na moja tu ndiyo ngumu. Tulikuwa tumeifanyia mazoezi wiki mbili nzima, jioni baada ya jioni, mpaka akawa anaicheza huku anasimulia habari za shule.

Sasa tuiangalie sare aliyoichagua bila kujua. Ngome na askari dhidi ya ngome, mfalme mweupe akiwa amesogea hadi e6. Hapa mfalme mweusi anatakiwa kukimbilia upande mfupi. Askari akiwa safu ya e, upande wa f, g na h una safu tatu, na upande wa a, b, c na d una nne. Mfalme anakwenda f8, kisha g7 akipigwa cheki, na upande mrefu anaiachia ngome yake, ili ihamie a1 na kupiga cheki kutoka mbali. Umbali ndio uhai wa ngome. Mfalme mwenyewe akikimbilia upande mrefu, anakaa njiani mwa ngome yake, na ngome inabaki na upande mfupi ambako cheki zake zinamfikia mfalme mweupe kwa karibu mno, anazifukuza kwa hatua mbili tatu.

Nilimuuliza binti kwa nini alichagua d8. Jibu lake lilikuwa la akili: "Niliona upande wa f ni wa kubanwa, upande wa d una nafasi ya kutoka." Ndivyo mtu yeyote mwenye akili timamu asiyefundishwa jambo hili angefikiri. Kanuni ya upande mfupi inapingana na hisia, na nilikuwa sijamfundisha. Ilikuwa kwenye ratiba ya mwezi uliofuata.

Kompyuta inaziita nafasi zote mbili sare na kuzipa alama ile ile ya sifuri. Kwa mtoto wa miaka 14 mwenye dakika 6, moja ilikuwa nyumba yake na nyingine msitu. Mchezaji dhaifu anapochagua kati ya nafasi mbili za sare, swali la maana ni ipi anaijua njia yake hadi mwisho. Hilo sikuwahi kumuuliza hata siku moja katika mazoezi, wala sikumfundisha kujiuliza.

Uchambuzi: kanuni yangu

Kanuni ya kutobadilishana kete ilikuwa na sababu: weupe walikuwa na askari mmoja zaidi upande wa mfalme, na askari wa weusi upande wa malkia walikuwa wamepandana. Hatua ya 59 sababu hiyo haikuwepo tena ubaoni. Askari wote wa upande wa malkia walikuwa wamekwisha. Kubadilishana ngome hakukuwa tena kumkaribisha mtu kwenye mwisho anaoushinda; kulikuwa kumwondolea kete pekee ambayo angeweza kushindia.

Binti aliukumbuka mstari mwekundu. Aliniambia hivyo mwenyewe. Hakukumbuka sababu yake, kwa kuwa nilimpa sababu mara moja siku ya kwanza, na amri nikamrudishia kila siku. Ukimrudishia mtoto amri mara hamsini na sababu mara moja, saa ya shida atakumbuka amri.

Halafu kuna jambo linaloniuma zaidi. Hatua ya 20 na kitu alipotoa askofu kwa farasi, aliivunja kanuni hiyo hiyo, na akaivunja kwa usahihi. Kwa hiyo uwezo wa kuipima alikuwa nao. Tofauti ni kwamba kule wazo la kubadilishana lilikuwa lake. Hatua ya 59 lilikuwa la fundi.

Uchambuzi: salamu na hesabu

Hapa ndipo narudi kwenye shikamoo. Sitaki mtu asome haya akadhani nawaambia watoto waache heshima. Mtoto asiyemwamkia mkubwa wake sitamfundisha sataranji. Lakini heshima ile ilivuka meza. Binti alipoona ngome d6, alihesabu vizuri: ngome inakula, askari anakula, mfalme d7, sare. Alifika mwisho wa hesabu. Kisha akajiambia kwamba mtu mwenye 2100 hawezi kuleta ngome yake kwenye sare, lazima kuna kitu hakioni. Akamtazama usoni kukitafuta. Kukataliwa ombi la sare hatua nane kabla kulikuwa kumeshamwambia kwamba mkubwa anaona ushindi.

Kosa hili lina sura mbili na zote nimeziona kwa wachezaji dhaifu mbele ya wenye nguvu. Wengine hukubali kila kinacholetwa, kwa kuwa mkubwa ameshahesabu. Wengine hukataa kila kinacholetwa, kwa kuwa mkubwa hawezi kuleta zawadi. Wote wawili wameacha kuhesabu. Wamemwachia mpinzani awahesabie. Na mpinzani hana wajibu huo.

Uamuzi wa fundi

Nilimuuliza kwa nini alileta ngome d6. Hakuficha. Alijua ni sare. Alikuwa amejaribu hatua tisa tangu askari wa mwisho walipotoka, na binti alikuwa hakosei. Kwa uzoefu wake, mfalme na askari mmoja dhidi ya mfalme ndipo watoto wengi wa kiwango hicho huanguka, kwenye ile hatua ya kurudi d8, kwa hiyo aliona bora ampeleke huko kuliko kuendelea kuzunguka. Kukataliwa hakukutegemea kabisa.

Kwa maoni yangu alikosea, japo alishinda. Alikuwa na muda zaidi saani, askari mmoja, na mpinzani aliyechoka. Ngome zikibaki ubaoni, makosa yanayowezekana ni mengi, na zikitoka linabaki moja tu. Kubakiza kete dhidi ya mdogo aliyechoka ndiyo njia yenye nafasi nyingi. Yeye mwenyewe hakukubaliana nami, akasema mtoto asiyejua kurudi d8 hupotea papo hapo, na kwamba amekusanya pointi nyingi kwa njia hiyo. Inawezekana. Mchezo huu haukumpa nafasi ya kuthibitisha, wala mimi.

Kukataa sare hatua ya 51 hakukuwa na ubaya wowote. Mwenye nguvu kucheza hadi mwisho ni sehemu ya mafunzo anayompa mdogo.

Nilichobadilisha

Kanuni ya ufunguzi ule bado naifundisha. Siiandiki tena kama amri. Kila mwanafunzi anapotaka kubadilishana kete, au anapoletewa kete, anataja kwa sauti kitakachobaki ubaoni: kete zipi, askari wangapi, wafalme wako wapi. Baada ya hapo ndipo anaruhusiwa kusema ndiyo au hapana. Mwanzoni mazoezi yalikuwa na kelele kama soko la samaki. Sasa wanataja kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Nafasi za mwisho tunazifanya mbili mbili. Napanga mbao mbili zenye sare, moja wanayoijua na moja wasiyoijua, na kazi yao ni kuniambia wangeingia ipi, kwa sababu gani, wakiwa na dakika 5. Upande mfupi wa mfalme na upande mrefu wa ngome umeingia mwezi wa kwanza wa mafunzo. Nimeusogeza juu ya mambo mengine mengi ambayo zamani niliyaona ya haraka.

La tatu ni dogo. Wanafunzi wangu wakubwa nawakalisha mbele ya wadogo, na nawaagiza walete kete mbovu makusudi, mara moja kwa kila mchezo, bila kusema ni wakati gani. Mdogo akiikamata, mkubwa anasimama na kumpa mkono.

Binti alimaliza mashindano yale na pointi 3 kati ya 6. Raundi ya tano alikutana na kijana wa karibu 1700, naye akamletea ngome kwa ngome kwenye mwisho wenye askari wawili kwa wawili. Nilikuwa nyuma ya kamba ile ile. Alikalia mikono yake yote miwili, akainamia ubao dakika kumi na moja bila kuinua macho hata mara moja, kisha akala ngome.